Sinia Isiyo na Kawa

Anfani alinipigia simu saa ya chakula cha mchana, saa ambayo kila anayenijua anajua kwamba sipokei simu ya mtu. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko la hoteli yangu ya Kariakoo, ile kubwa, nikimfokea mpishi aliyemwaga mafuta kwenye mnavu kana kwamba anakaanga maandazi. Nikaona namba ya Nzuani, visiwani Komoro kwa wakwe zangu, nikapokea. "Shemeji," akasema, "mama ametutoka." Nikasema innalillahi, kwa sababu hilo mtu hulisema hata akiwa na hasira, kisha nikanyamaza nimsikie atakavyoomba. Akazunguka. Akataja hitma, akataja wageni watakaotoka Domoni, akataja jinsi mchele ulivyopanda, mpaka nikamkata. "Sema unataka magunia, Anfani. Hukuwahi kuniona haya, usianze leo." Nikatuma mchele, tena ule mrefu, na ng'ombe nikaagiza achinjwe hukohuko. Sikutuma kwa mapenzi. Nilituma ili kila mtu wa kichochoro kile akinyoosha mkono kwenye sinia ajue anakula cha nani.

Wanaoniona leo hudhani nilizaliwa na funguo za hoteli mfukoni. Nina mbili Dar es Salaam na moja Moroni, na shule niliiacha kabla sijajua kugawanya. Mameneja wenye sukari, wake wa wakubwa wenye presha, mashekhe waliokatazwa chumvi, wote wanakuja kwangu kula majani ya kuchemsha, shelisheli kipande, samaki wa kuchoma bila mafuta, na wanashukuru. Kuna daktari mmoja hunijia na wanafunzi wake akawaambia, "Huyu mzee anajua lishe." Wanafunzi wananiuliza nilisomea wapi. Nawajibu nilisomea Mutsamudu, kisiwani Nzuani, mwaka ule kisiwa kilipojitenga, juu ghorofani kwa mama mkwe wangu, Bi Moinaesha, aliyetaka kunifukuza nyumbani kwake kwa chakula. Wanacheka wakidhani ni mzaha. Mimi sina mizaha ya bure. Huyo ndiye aliyekufa.

Ya kuzaliwa kwangu nayaruka, hayamsaidii mtu. Inatosha kujua kwamba mwaka huo nilikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei, kwamba nililetwa Moroni ningali mgongoni, pamoja na wale waliofukuzwa Majunga kule Madagaska, na kwamba watu wa Moroni walitupokea kwa kutubandika jina la ndege iliyotuleta, utadhani sisi ni mizigo iliyokosa mwenyewe. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya soko, kuta za mabati, chini mawe meusi ya mlimani yaliyosawazishwa kwa mchanga. Mle ndani wali ukishapakuliwa, ukoko uliobaki chini ya sufuria haukutupwa. Sufuria ilirudishwa motoni, ukoko ukaungua mpaka ukatoa harufu ya kahawa na nyasi kavu, kisha ukamwagiwa maji, yakachemka, yakawa na rangi ya chai hafifu. Hayo ndiyo maji yetu ya kuteremshia chakula, na pembeni bakuli la mnavu uliochemshwa na tangawizi. Hayana sukari, hayana chochote, lakini ukirudi umetukanwa gatini siku nzima, kikombe kimoja cha maji yale ya moto kilikufungua kifua, ukajikuta unaweza tena kucheka. Watoto wa Moroni walikuwa wakichungulia mlangoni. "Jamani, hawa wanakunywa maji ya kuoshea sufuria!" Na mwingine, "Sabuni mnatia, au mnakunywa hivyohivyo?" Nilivunja jino la mmoja wao, sijutii, na siku hiyo nikaapa kwamba nikitoka katika chumba kile hakuna mtu atakayeniona tena na kikombe cha ukoko mkononi.

Kwa hiyo nilipokwenda Mutsamudu kuuza sufuria na mabakuli ya bati, na nikamwona Zainaba dukani kwa mjomba wake akinipunguzia bei niliyokuwa nimempandishia, na nikapeleka posa, nilipoulizwa maswali nilijibu neno moja tu. Mtu wa wapi? Moroni. Wa Majunga sikusema. Hata Zainaba sikumwambia. Wanzuani walikuwa tayari wanaona kumpa binti yao Mngazija, mtu wa kisiwa cha Moroni, ni kujishusha, sasa nianze kuwaeleza habari za sufuria? Wakanikubali, maana nilikuwa mzuri wa sura na mkono wangu haukuwa mzito. Kwa kawaida ya kwetu visiwani, nyumba ni ya mke, mume ndiye anayehamia. Nikahamia. Nyumba ilikuwa ndani kabisa ya mji wa kale, kichochoro chembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Chini kulikuwa na ua wa kupikia uliochangiwa na nyumba tatu za ndugu, mashangazi wamekaa ngazini kutwa wamejifunga shiromani zao nyekundu, wanachambua mchele na kuchambua watu. Juu kulikuwa na vyumba viwili vyenye ujia katikati. Kimoja changu na Zainaba, kingine cha mama mkwe. Yeye na mimi hatukuonana uso kwa uso, ndiyo adabu ya pale. Alizungumza nami kutoka nyuma ya pazia la kitambaa cha maua, na sauti yake haikuhitaji mlango.

Wiki ya harusi nililishwa kama watu wanavyolishwa wanapotaka wasifiwe. Pilau ya nyama iliyokolea iliki, kuku, sambusa, achari ya ndimu, mkate wa sinia uliovimba na kung'aa kwa nazi na sukari, chai ya maziwa nzito. Sinia ilipanda ngazi imefunikwa kawa la ukindu lenye rangi, na mashangazi wakaifuata kwa macho wakiguna kwa fahari. Nilikula, lakini nasema kweli, baada ya siku chache nilikuwa nikilala kifua kinawaka na akili imejaa ukungu. Sikusema. Mkwe mpya halalamikii pilau.

Haikupita miezi mingi, bendera zikabadilika. Vijana walitundika ile ya Kifaransa juu ya majumba, wakaimba kwamba hawataki tena kutawaliwa na Moroni, na redio ikasema kisiwa kimejitenga. Wangazija waliokuwa maofisini wakafungasha. Maduka yao yakafungwa, moja likachomwa. Anfani, kaka wa Zainaba, alikuwa akifanya kazi bandarini na akawa ndiye mkubwa wa vijana wa mtaa, anatembea na nondo mkononi kama bakora ya shekhe. Alinikuta ngazini nikivaa viatu. "Shemeji," akaniambia, "kuna meli ya Moroni gatini. Ningekuwa wewe ningekwenda kuitazama." Nikamwambia meli nimeshaziona. "Hii itazame vizuri," akasema, "labda ndiyo ya mwisho." Kisha askari waliotumwa kutoka Moroni wakashuka kwa bahari, risasi zikalia mjini, watu wakafa, askari wakashindwa. Baada ya hapo hakuna aliyenijibu salamu kichochoroni. Wengine walitema mate, siyo kwangu, karibu yangu.

Jioni moja nilimsikia Anfani chumbani kwa mama yake, pazia halizuii kitu. "Mtoe, mama. Watu wananicheka. Nalinda mji, na nyumbani kwetu tunamfuga Mngazija." Bi Moinaesha akamjibu polepole, kwa sauti ya mtu anayepanga vikombe. "Nyumba yetu haifukuzi mkwe. Tangu bibi yangu haijafukuza. Dada yako hajaomba talaka, na huyu hajamkosea. Mkwe huona mwenyewe." Anfani akauliza ataonaje. "Kwa sinia," akasema mama yake.

Kesho yake mchana sinia ikaja bila kawa. Mtu asiye wa kule haelewi. Chakula cha mume kupandishwa wazi, mbele ya mashangazi, ni sawa na kumvua kanzu sokoni. Na juu yake hapakuwa na nyama, wala nazi, wala samaki. Palikuwa na kipande cha shelisheli kilichochemshwa, lundo la mnavu wa maji matupu, ule unaoota kwenye kuta na ambao pale hupewa mbuzi, na pembeni, badala ya wali, wamenikwangulia ukoko wa sufuria yao. Uani nikasikia shangazi mmoja anauliza, "Amepelekewa?" Mwingine, "Amepelekewa. Mngazija bila nazi, hatafika Ijumaa." Wakacheka mpaka mmoja akakohoa.

Nilikaa nikaitazama sinia ile. Nawaambieni, sijawahi kupewa zawadi kama ile maishani. Maadui zangu walikuwa wamefikiri sana ni nini kitakachomvunja Mngazija, na bila kujua wakaniletea chakula cha chumba cha mabati. Nikafunga mlango. Nikamimina maji ya moto ya birika juu ya ukoko, nikafunika kwa sahani, nikangoja. Nilipokunywa, machozi yalinitoka, na yalikuwa ya raha.

Zainaba ndiye aliyenifuma. Aliingia kuchukua sinia akakuta imekwanguliwa nyeupe, nami nimekumbatia kikombe. "Unakunywa nini?" Nikafikiri kumdanganya, nikaona nimechoka. Nikamwambia kila kitu, Majunga, ndege, soko, jino la yule mtoto. Aliketi kitandani. "Kwa hiyo mama anakuadhibu kwa chakula cha kwenu," akasema, na akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa shiromani, mabega yanatikisika. Kisha akawa mkali ghafla. "Na mimi hukuniambia. Ungesema." "Ungenikubali?" "Ningekubali, lakini ningekupandishia bei," akasema. Halafu akanifundisha. "Nung'unika. Nung'unika kwa nguvu, wasikie. Wakijua umeshiba watakubadilishia." Basi kila mchana nilisimama dirishani nikapaza sauti. "Zainaba! Hivi ni chakula hiki? Mimi mbuzi?" Na uani mashangazi wakagonganisha viganja. Niliendelea hivyo miezi. Kifua kikaacha kuwaka. Nilipanda mlima hadi kwenye mashamba bila kuhema. Ngozi ilinawiri, na usingizi wangu ulikuwa wa mtoto.

Wakati huohuo Moroni ilikuwa imefunga bahari. Meli hazikuja, mchele ukaadimika, dawa zikaadimika, petroli ikawa ya kunusa. Watu wenye akili walikula ndizi mbichi na muhogo na wakawa salama. Bi Moinaesha hakutaka. Nyumba yake ilikuwa na akiba ya mchele na sukari chini ya kitanda, na aliona kula muhogo ni kukiri kwamba Moroni imeshinda. Halafu alikuwa na huzuni, hilo simnyimi. Alikuwa na ndugu zake waliokwama Moroni na hakujua kama wako hai, na kila redio ilipoleta habari mbaya aliita mkate wa sinia. Moyo ukiuma, anakula. Mwanawe akichelewa kurudi, anakula. Nilikuwa nikiusikia mlio wa kijiko chake kikikoroga sukari kwenye chai, anakoroga, anaongeza, anakoroga. Kila mtu ana chakula kinachomshika mkono wakati wa dhiki. Changu kilikuwa majani na maji. Chake kilikuwa kinamuua. Alijikwaa ngazini akapata kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu, na kidonda kile kikakataa kufunga. Kikapanuka. Kikaanza kunuka hadi ujiani.

Daktari aliyekuwa amebaki mjini alikuja, akamwangalia, na mimi chumbani nikasikia yote. "Mama, ni sukari. Dawa sina, meli ikija labda. Sasa tiba yako ni mdomo. Uache sukari, uache mikate hiyo, wali kidogo sana, nazi punguza. Kula majani, majani, majani. Samaki wa kuchoma. Shelisheli kipande kimoja, si zima. Kunywa maji. Na mguu uoshwe kila siku. Ukikataa, utakatwa, na wa kuukata pia simwoni." Nikajikuta nimekaa wima kitandani. Mtu yule alikuwa ameisoma sinia yangu toka ukingo hadi ukingo. Daktari alipoondoka Zainaba akasema, "Mama, niambie nikupikie." Na mama yake akapasuka. "Unipikie nini? Nile chakula cha Mngazija? Ipande sinia ya majani chumbani kwangu, mbele ya wale wanawake, mimi niliyeiita adhabu? Watasema Moinaesha amejilisha adhabu yake mwenyewe. Bora mguu uoze." Alikuwa amejenga ukuta akajikuta yuko upande wa pili. Siku kadhaa aliendelea na pilau na mkate kwa kiburi, na harufu ikazidi. Zainaba alikonda akilia. Alikuwa akiosha mguu ule asubuhi na jioni na kurudi kwangu macho mekundu. "Atakufa kwa haya," akaniambia. "Haya ya nini, ya majani!"

Mimi sikuwa na huruma na Bi Moinaesha, na sitajitia kuwa nilikuwa nayo. Lakini Zainaba alikuwa mke wangu. Nikatoka ujiani, nikakaa chini mbele ya pazia. "Mama," nikasema. Akajibu, "Umekuja kucheka?" "Nitacheka baadaye. Nimekuja na shauri." "Sitaki shauri la mtu anayenenepa." Nikashtuka. "Unadhani mimi mjinga?" akasema. "Mtu anayeadhibiwa haimbi anaponawa mikono. Najua unayapenda majani yangu, sijui kwa nini. Nimeshindwa tu kukubadilishia, pale uani wamekwishazoea kuyaona." Kumbe alijua. Nikasema niliyotaka kusema. Sinia mbili zipande kama kawaida. Yangu bila kawa, ya majani, wanawake waione, wacheke. Yake na kawa lake. Zikifika ujiani ambako hakuna jicho, Zainaba azibadilishe. Akauliza, "Na wewe unapata nini?" "Nakaa," nikasema. "Anfani asiniguse." "Mpaka mguu wangu upone," akasema. "Siku nitakayovaa kiatu, na wewe utavaa chako, utakwenda zako. Binti yangu hatakaa na mtu wa Moroni milele." Nikakubali. Ningefanya nini? Zainaba aliposikia alinitazama kana kwamba nimemuuza. "Yaani ukimponya, unaondoka." "Ndiyo hivyo." "Na usipomponya, nazika mama." Akachukua kisu akaenda kuchuma mnavu.

Hapo ndipo kila nilichonacho leo kilipoanzia, kwa sababu nilianza kumwongoza Zainaba kila kitu, na yeye akapika. Samaki achomwe na ndimu na chumvi ya kupimwa kwa vidole viwili. Mnavu uchemshwe ndani ya maji yanayotokota, si ya baridi, utolewe ungali kijani, utiwe tangawizi na nyanya. Shelisheli ichomwe badala ya kukaangwa. Na maji ya ukoko yaletwe ya moto, apate kitu cha kushika mkononi wakati anapotamani chai. Ningeweza kulegeza. Kijiko cha asali hapa, nazi kidogo pale, na mguu ungenipa mwaka mzima wa kukaa na mke wangu. Nililifikiri hilo, nani asingelifikiri? Lakini mimi sipiki vibaya kwa makusudi. Kiburi changu hakinipi ruhusa. Na upande wangu nilikuwa nakula pilau yake kila siku nyuma ya mlango, kifua kinawaka upya, tumbo limejaa kama gunia la karafuu, na dirishani lazima ninung'unike kuwa nakufa njaa huku nacheua nyama. Tulitukanana kwa pazia kila mchana. "Mnavu wako mchungu." "Na moyo wako?" "Maji haya yananuka moto." "Ndiyo, na usiache hata tone." "Hivi nyinyi huko mnakula hivi kwa hiari?" "Ndiyo sababu hatunuki miguu, mama." Nilimsikia akirusha kitu, nadhani kijiko. Baada ya wiki chache Zainaba akasema nyama nyekundu imeanza kuota kwenye kidonda. Alisema kwa furaha, kisha akakumbuka, akageuza uso.

Ikaja siku habari zilipofika kwamba huko Moroni Wanzuani wamepigwa mawe sokoni, na mmoja wa mtaa wetu amevunjwa mkono. Baada ya alasiri kichochoro kikajaa. Nilisikia vyuma vinagongwa ukutani, nikasikia sauti ya Anfani ikiwa mbele. "Mngazija atoke! Leo!" Zainaba akanishika mkono, kucha zikaniingia. Sikuwa mwoga, lakini nilijua kuwa nikishuka ngazi zile sitapanda tena. Ndipo nikasikia dirisha la chumba cha pili linasukumwa. Bi Moinaesha, aliyekuwa hasimami tangu kidonda kile, alisimama. "Nani anapiga kelele mlangoni kwangu?" Kukapoa kidogo. "Ni sisi, mama," Anfani akasema. "Tumekuja kumchukua." "Kumpeleka wapi?" "Melini. Kwao." "Kwao!" akasema, na akacheka kicheko cha kukauka. "Kwao akapikiwe ndizi za nazi na nyama? Akalishwe na mama yake? Nyinyi mnamwadhibu au mnamwokoa? Waulizeni wanawake hapo chini wanavyomwona akilia dirishani. Huyu ni wangu. Mimi sijamaliza naye. Atakayemtoa mkononi mwangu ndiye anayempenda Mngazija, na nitamtaja kwa jina lake na la mama yake." Kwanza mashangazi walicheka, wakapokea wenyewe. "Kweli jamani, jana kaomba chumvi!" Halafu vijana nao wakacheka, mmoja akaniigiza ninavyonung'unika, na kichochoro kizima kikawa kicheko. Wakaondoka. Anfani alibaki wa mwisho, nondo imelegea mkononi, akilitazama dirisha la mama yake. Nilikwenda kwenye pazia. Kabla sijafungua mdomo alisema, "Usinishukuru. Mguu bado."

Mguu ukapona. Nasema kwa majivuno, kwa sababu hospitali nyingi zenye dawa zimeshindwa na vidonda vidogo kuliko kile. Kilifunga, kikaacha kovu jeusi, na Bi Moinaesha akavaa viatu vyake vya ngozi akaenda harusini kwa jirani kwa miguu yake, akarudi na sauti ya viatu ikapanda ngazi moja moja, ikapita mbele ya mlango wangu bila kusimama.

Mchana uliofuata Zainaba aliingia na sinia kubwa imefunikwa kawa jipya. Aliiweka chini, akaketi kizingitini, akaanza kulia bila sauti. Nikafunua. Pilau, kuku mzima, sambusa, achari, mkate wa sinia unatoka moshi. Uani hakuna aliyecheka. "Hii ni nini?" nikauliza. "Mama amekuheshimu," Zainaba akasema. "Kwetu anayesafiri hupikiwa hivi. Akila, ameshaaga. Meli iko kesho asubuhi."

Nikaitazama. Ilikuwa imepikwa vizuri kuliko yote niliyowahi kula katika nyumba ile, na mimi najua kupika, siwezi kudanganywa kwa harufu. Nikarudisha kawa juu. Nikainyanyua sinia mwenyewe, kitu ambacho mume hafanyi pale, nikavuka ujia nayo, nikaiweka chini ya pazia.

"Mama, sinia hii imekosea mlango. Mimi sijaaga mtu."

"Kula, Mngazija. Nimeipika kwa mkono wangu, nimesimama kwa miguu yangu."

"Najua. Sili."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana nitavaa viatu. Nimevaa, vitazame." Nikaisukuma miguu yangu hadi viatu vikachomoza chini ya pazia. "Hatukukubaliana vitakwenda wapi."

Nyuma yangu Zainaba aliacha kulia. "Una kiburi," Bi Moinaesha akasema.

"Ninacho. Ndicho kilichokuponya mguu."

Tukakaa hivyo, yeye kule, mimi huku, pilau inapoa katikati yetu. Nilikuwa naogopa, sasa naweza kusema, maana kama angemwita Anfani wakati ule, nisingekuwa na neno lingine la kusema. Mwishowe pazia likasogea kidogo chini, mkono wenye bangili ukatoka, ukaishika sinia, ukaivuta ndani.

"Zainaba!" akaita. "Nenda kachume mnavu. Chumvi usimtilie hata chembe."

Ulikuja bila chumvi, tena una mchanga. Niliula hapohapo ujiani, nimekaa chini, na Bi Moinaesha alibaki nyuma ya pazia akinisikiliza ninavyotafuna mpaka nikamaliza.